Mawe ya Mwanza na matetemeko yatokayo mbali

SWALI: Nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi hapa Ilemela. Nina watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, kuta ni za matofali ya kuchoma, paa la bati, vifaa vya kufundishia hatuna. Nilipogusia matetemeko ya ardhi, mtoto mmoja alisema sisi wa Mwanza hayatuhusu kwa sababu tumekaa juu ya jabali. Mwenzake akamjibu kwamba bibi yake kule Kyaka, tangu tetemeko la Kagera, mpaka leo halali kabla ya kuhakikisha mlango unafunguka kwa urahisi. Darasa likagawanyika. Yupi yuko sahihi? Na nifundishe vipi mada hii ili watoto waelewe na wajue la kufanya, bila kuwatia hofu?

JIBU: Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, Mwalimu, na mgongano wao ndio somo lenyewe. Usiumalize haraka. Andika hoja zote mbili ubaoni, uziache hapo kwa vipindi viwili vitatu, kisha kila jambo utakalofundisha lirudi kwenye swali hilo: jabali linatulinda na nini, na halitulindi na nini?

Anza na jabali, kwa kuwa watoto wanaliona kila siku wakienda shule. Miamba ya Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck ziwani mpaka mawe yaliyopandana kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo, ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sehemu hii ya bara wanajiolojia huiita kratoni ya Tanzania: kipande kinene, kikongwe na baridi cha gamba la dunia. Bonde la Ufa lilipoanza kuipasua Afrika Mashariki halikupita katikati ya kipande hiki. Lilikizunguka. Mkono wa magharibi ulifuata Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa, na mkono wa mashariki ukashuka kupitia Kenya hadi Natron na Manyara. Mwanza imebaki katikati ya mikono hiyo miwili, na ndiyo sababu matetemeko makubwa huanzia mbali na sisi. Yule mtoto wa kwanza ana hoja ya kisayansi, hata kama hakuijua.

Hapo hapo utakutana na dhana kwamba mawe yale yaliyobebana yalirushwa na tetemeko la zamani. Sivyo. Graniti ile ilikuwa imefunikwa na udongo, maji yakapenya kwenye mianya yake, yakala pembe za miamba polepole mpaka ikawa mviringo, kisha mvua za miaka mingi zikaondoa udongo na kuacha mawe yamekaa jinsi tunavyoyaona. Tena jiwe lililosimama kwa kuning'inia ni shahidi wa kinyume: wanajiolojia sehemu mbalimbali duniani huyatumia mawe ya namna hiyo kukadiria muda ambao eneo limekaa bila mtikisiko mkali, kwa sababu mtikisiko mkali ungeyaangusha. Wapeleke watoto nje wayatazame. Mwanza ina maabara ya jiolojia ambayo shule nyingi duniani zingeitamani, na haina kiingilio.

Sasa upande wa pili. Jabali halizuii mtetemo kupita. Mwamba mgumu, mkongwe na baridi hupoteza nishati kidogo, kwa hiyo huusafirisha mtetemo mbali kuliko ardhi iliyochakaa na kupasuka-pasuka. Desemba 5, 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika, na watu walilisikia mpaka Nairobi, wakatoka kwenye maghorofa. Kwa hiyo jabali lile lile linalotuweka mbali na chanzo ndilo linalotuletea habari zake. Mtoto akilishika hili ameshika nusu ya somo.

Tetemeko la Kagera lilitokea Jumamosi, Septemba 10, 2016, yapata saa 9 na nusu alasiri. Kitovu, yaani mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya chanzo, kilikuwa wilayani Missenyi, jirani na Nsunga, ukubwa ulikuwa 5.9 na chanzo kilikuwa chini sana, kama kilomita 40 ardhini. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, zote za Bukoba, ziliharibika vibaya ikabidi zijengwe upya. Waambie watoto siku na saa, kisha uwaulize: ingekuwa Jumatano saa 4 asubuhi, shule za kutwa za Missenyi na Bukoba zikiwa zimejaa, hali ingekuwaje? Usiwajibie. Swali hili lina uzito, na watoto wa miaka 11 au 12 wanaweza kulibeba kama mwalimu wao analiuliza kwa utulivu.

Ukitoka hapo, fundisha ziwa. Najua kitabu huanza na mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosogea, na picha ya dunia iliyokatwa, lakini nashauri uanze na Ziwa Victoria, kwa sababu watoto wanaliona kutoka uwanjani. Zamani mito ya ukanda huu ilielekea magharibi, upande wa bonde la Kongo. Ardhi ya magharibi ilipoinuliwa na nguvu zile zile zilizofungua Bonde la Ufa, mito ikazuiwa, mingine ikageuza mkondo, maji yakatuama katikati. Kagera, ambao leo unamwaga maji ziwani kutoka magharibi, ni miongoni mwa mito iliyogeuzwa. Makadirio ya wanasayansi ni kwamba ziwa lilianza kama miaka 400,000 iliyopita, muda mfupi sana ukilinganisha na umri wa jabali. Kwa hiyo ziwa hili, ambalo samaki wake ndio chakula chetu, ni zao la mwendo wa ardhi. Kisha waandikie namba mbili ubaoni: kina kikubwa cha Ziwa Victoria ni kama meta 80, cha Ziwa Tanganyika ni kama meta 1,470. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Kwa sababu Tanganyika limekaa ndani ya ufa wenyewe, mahali ambapo ardhi imeshuka kati ya mipasuko, na Victoria limekaa kwenye bonde pana lililobonyea kati ya mikono miwili. Waache wabishane kabla ya kuwapa jibu.

Namba hizo zitakusaidia tena mtoto atakapouliza kuhusu sunami, na atauliza, maana wamezoea kuona video za bahari ikimeza miji. Sunami kubwa za baharini hutokea sakafu ya bahari yenye kina kirefu inapoinuka au kushuka ghafla, ikasukuma maji mengi mno kwa pamoja. Ziwa letu ni la kina kifupi na haliko juu ya ufa mkubwa unaofanya hivyo. Hata hivyo maji yanaweza kuyumba, na mawe ya ufukweni yanaweza kuporomoka, kwa hiyo anayeoga, kufua au kuvua ukingoni wakati ardhi inatikisika aondoke kwenye maji na kwenye miamba.

Sasa ufa wenyewe, yaani mpasuko ndani ya miamba ambako tetemeko huanzia. Watoto wengi hudhani tetemeko ni ardhi kufunguka na kumeza nyumba. Onyesho hili litawatoa huko, na gharama yake ni ndogo mno. Chukua tofali moja la kuchoma, lifunge ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu chakavu ya baiskeli, liweke juu ya ubao mrefu uliofunikwa msasa au uliopakwa mchanga kwa gundi. Vuta mpira polepole bila kusimama. Tofali halitatembea. Mpira utanyooka, utanyooka zaidi, kisha tofali litaruka ghafla na kusimama. Endelea kuvuta: litakaa kimya tena, litaruka tena. Mpe mtoto mmoja kazi ya kupima kwa rula mpira umenyooka kiasi gani kabla ya kila mruko, mwingine apime tofali limeruka sentimita ngapi, mwingine aandike. Wataona jambo lililo moyoni mwa elimu ya matetemeko: mvuto ni ule ule, mwendo wa mkono wako ni ule ule, lakini miruko hailingani wala haipishani kwa muda sawa. Miamba ya pande mbili za ufa hung'ang'aniana hivyo hivyo. Mabamba ya Afrika Mashariki yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka, msuguano unaushika ufa kwa miaka, pengine kwa karne nyingi, kisha miamba inaachia kwa sekunde chache.

Weka kikombe cha maji au jengo la viberiti juu ya tofali kabla ya mruko. Kitakachotokea hakihitaji maelezo.

Halafu waulize: nani anaweza kutabiri tofali litaruka lini? Wape nafasi wajaribu, waandike ubashiri wao. Baada ya miruko kumi hivi wataelewa wenyewe kwa nini hakuna mwanasayansi yeyote duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Nasisitiza hili kwa sababu kila baada ya tetemeko huja ujumbe kwenye simu za wazazi: lingine kubwa zaidi litapiga usiku huu saa nane, wataalamu wamethibitisha, watumie wenzako. Familia hulala nje kwenye baridi kwa sababu ya uongo wa mtu asiyejulikana. Darasa lililocheza na tofali lina kinga dhidi ya ujumbe huo. Wafundishe tofauti: kusema kwamba mitetemo midogo hufuata baada ya tetemeko ni elimu ya kweli, maana ufa uliosogea huendelea kujipanga kwa siku, wiki, hata miezi, kutaja saa ni uzushi.

Kwa jinsi Bonde la Ufa linavyoundwa, tafuta kipande cha sponji la godoro bovu. Kikate vipande vitatu kwa mikato ya mshazari, cha katikati kiwe chembamba chini na kipana juu, chora mistari ya rangi ubavuni kuonyesha matabaka. Vibane pamoja, vishike hewani, kisha vitenganishe taratibu: cha katikati kitashuka. Huo ni mpasuko wa kuvutana, aina iliyotawala kwetu. Ukivibana tena, cha katikati kitapanda, na huo ni mpasuko wa kusukumana. Aina ya tatu, ya pande mbili kupishana kwa ubavu, onyesha kwa madaftari mawili yaliyopanuliwa kingo kwa kingo mezani. Dakika kumi zinatosha.

Somo la mawimbi lihamishie uwanjani, na hapo wingi wa watoto wako utakuwa faida. Panga thelathini kwa mstari mmoja, kila mmoja ameshika mabega ya aliye mbele yake, mikono imenyooka. Msukume wa nyuma kidogo kwa upole: msukumo utasafiri mpaka mbele ingawa hakuna aliyeondoka mahali pake. Hilo ni wimbi la kwanza, la kusukuma na kuvuta. Kisha waambie wayumbe kulia na kushoto mmoja baada ya mwingine: hilo ni wimbi la pili, la kutikisa. Katika miamba ya gamba la dunia la kwanza huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, la pili kama kilomita 3.5.

Halafu fanya hili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Wachague watoto wawili, mmoja wa kukimbia polepole na mmoja wa kutembea. Waondoke pamoja kutoka sehemu moja. Wengine wasimame umbali wa hatua 10, 20 na 40, na kila kundi lihesabu kwa sauti kuanzia mkimbiaji anapowapita mpaka mtembeaji anapowafikia. Walio mbali watahesabu zaidi. Ndivyo wataalamu wanavyojua umbali wa kitovu: kituo cha vipimo hupima pengo kati ya wimbi la kwanza na la pili, na kila sekunde moja ya pengo ni kama kilomita 8. Kutoka Nsunga mpaka Mwanza ni zaidi kidogo ya kilomita 200 kwa mstari mnyoofu. Wape hesabu: pengo lilikuwa sekunde ngapi kwa aliyekuwa Mwanza siku ile? Watapata kama 25. Na aliyekuwa pale kitovuni, kilomita 40 tu juu ya chanzo, sekunde 5. Hapo mtoto ataona kwamba wa Mwanza akisikia mguso mdogo kwanza, huenda ana muda wa kuinama kabla ya mtikisiko mkubwa kufika. Wa Missenyi hakuwa na muda huo.

Kuhusu ukubwa, watoto husikia 5.9 na 6.8 wakadhani tofauti ni ndogo kama alama za mtihani. Kila namba moja ikiongezeka, nishati huongezeka kama mara 32. Kwa hiyo tetemeko la Tanganyika la 2005 lilitoa nishati zaidi ya mara 20 ya lile la Kagera. Rukwa, Desemba 13, 1910, lilitokea tetemeko la 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika. Lakini la Kagera, dogo kuliko yote matatu, liliua watu wengi kuliko lile la 2005. Toro nchini Uganda, Machi 20, 1966, tetemeko lililokuwa chini kidogo ya 7 liliua zaidi ya watu 100. Waulize kwa nini madhara hayafuati ukubwa. Watataja umbali, kina, wingi wa watu. Wasukume mpaka wafike kwenye nyumba.

Na hapa, Mwalimu, naomba uutumie muda wako mwingi kuliko penginepo.

Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera zilikuwa za matofali yaliyoshikizwa kwa udongo au kwa saruji hafifu, bila lenta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, ya kuzunguka jengo zima, bila nondo za kuunganisha kona. Tetemeko husukuma jengo kwa ubavu. Ukuta wa matofali unabeba paa vizuri sana kutoka juu, lakini ukisukumwa ubavuni, kama haukufungwa na kuta wenzake, hutengana nao kwenye kona na kulala. Ukuta wa pembetatu unaoshika paa pande mbili za jengo huwa wa kwanza, kwa sababu juu hauna kinachoushika isipokuwa kenchi. Jengeni vyumba viwili vidogo vya viberiti au vipande vya matofali juu ya ubao: kimoja kifungwe ukanda wa mpira juu, kuzunguka kuta zote nne, kingine kiachwe. Tikisa ubao. Mtoto aliyeona hilo akiwa darasa la sita, akijenga nyumba akiwa na miaka 30 atamuuliza fundi lenta iko wapi.

Baada ya hapo zungukeni darasa lenu. Watoto waangalie nyufa: zilizo nyembamba kwenye lipu pekee, na zile za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na milango, au zinazotenganisha kona. Wachore ramani ya chumba: mlango, madirisha, kabati, mbao zilizoegemezwa ukutani, mahali palipo na ufa. Kama mnakuta ufa unaopitisha mwanga au kona iliyoachana, hilo limetoka mikononi mwa watoto. Liandike, lipeleke kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, mhandisi wa halmashauri aitwe. Hakuna zoezi la kujiokoa linaloweza kufidia ukuta uliokwisha kuachana.

Nyumbani wape kazi ya kutazama bila kutoa lawama, maana mzazi hawezi kubomoa nyumba kwa sababu ya kazi ya shule. Lakini yapo ya bure: kabati lisikae juu ya kichwa cha mtu aliyelala, mawe yaliyowekwa juu ya bati kuzuia upepo yaondolewe, bati lipigiliwe misumari, mtungi wa gesi ukae mahali usipoweza kuanguka, kila mtu ajue swichi kuu ilipo. Kwa wanaoishi vilimani, Mabatini au Bugarika, watazame pia jiwe lililo juu ya nyumba. Je, udongo chini yake umechimbwa kwa kujengea? Jiwe lililotulia miaka maelfu huweza kuondoka kwa sababu mtu amechota mchanga chini yake, na mvua kubwa inatosha kulisukuma, achilia mbali tetemeko. Walio kwenye udongo laini karibu na ziwa wana lao: udongo laini hukuza mtikisiko kuliko jabali, na mchanga uliojaa maji hulegea. Beseni la mchanga mbichi, tofali lililosimamishwa juu yake, na kugongwa-gongwa ubavuni, litawaonyesha tofali likizama.

Tuje kwenye zoezi. Picha za mafunzo kutoka Japan huonyesha mtoto mmoja chini ya meza moja. Darasa lako lina dawati moja kwa watoto watatu, wanne, na mbao zake zimeungwa na benchi hivi kwamba hakuna nafasi ya kuingia chini. Usiwafundishe kitu wasichoweza kufanya. Fundisha hivi: ardhi ikitikisika, kila mtoto ateremke sakafuni pale pale alipo, apige magoti kando ya dawati au kati ya benchi na meza, kichwa kiwe chini kuliko ubao wa dawati, begi au daftari juu ya kisogo, mkono mmoja ushike mguu wa dawati. Walio jirani na dirisha, kabati au ukuta wenye ufa wasogee katikati ya chumba. Mwalimu naye anainama, kwa sababu watoto watafuata mwili wako kuliko sauti yako. Maneno yawe matatu tu, yale yale kila mara: inama, jifunike, shikilia.

Wengi watakuuliza kwa nini wasikimbie. Jibu liko mlangoni. Mtikisiko wa tetemeko la wastani huisha kwa sekunde chache, mara nyingi pungufu ya nusu dakika, na watoto mia moja hawawezi kupita mlango mmoja kwa muda huo bila kukanyagana. Tena wanaotoka wakati huo hupita chini ya ukuta wa nje na ncha za bati, sehemu inayoangukiwa zaidi. Ila uwe mkweli kwao kuhusu nyumbani: aliye ndani ya nyumba ya udongo, hatua mbili tatu kutoka mlangoni, na nje ni uwanja mtupu, atoke haraka asimame mbali na ukuta. Aliye kitandani au mbali na mlango ajifunike hapo alipo. Watoto wanaelewa kanuni yenye sababu, kwa hiyo usiogope kuwapa kanuni mbili za majengo mawili.

Mtikisiko ukiisha ndipo mnatoka, kwa mwendo wa kutembea, mistari iliyo karibu na mlango kwanza, bila kurudia mabegi. Mahali pa kukutanikia pawe mbali na jengo kwa umbali unaozidi kimo chake, pasiwe chini ya nyaya za umeme, tangi la maji lililoinuliwa wala mti mkavu. Daftari la mahudhurio litoke na wewe. Monita ahesabu kila safu, na mtoto mmoja awe na kazi ya kusema nani alikuwa chooni. Watoto wenye ulemavu wapangiwe wenzao wawili kwa majina, na wawili hao wafanye zoezi hilo kila mara, kwa sababu siku yenyewe hakuna atakayekuwa na akili ya kupanga. Ishara ya zoezi iwe tofauti na kengele ya mapumziko. Kama kengele yenu ni rimu ya gari, mapigo ya haraka mfululizo yanatosha. Zoezi la kwanza litakuwa na vicheko na vumbi. Rudieni wiki ile ile. La tatu litakuwa kimya.

Hofu uliyoitaja huja zaidi pale mtoto anapoachiwa picha za maangamizi bila kupewa kazi. Kwa hiyo usianze na video za Uturuki za Februari 2023, hata kama ziko kwenye simu yako. Mtoto mwenye bibi Kyaka mpe nafasi ya kusimulia akitaka, asilazimishwe, na umwambie kwamba anachofanya bibi yake kina akili: mlango unaofunguka kwa urahisi ni maandalizi. Atakayesema tetemeko ni adhabu, usimvunje wala usibishane na imani ya nyumbani kwao. Mwambie kwamba sayansi inaeleza namna ardhi inavyosogea, na kwamba kujenga imara na kumwokoa jirani ni jambo ambalo msikitini na kanisani wanalikubali.

Mwisho wa mada wape daftari la mtikisiko. Siku yoyote mtu akihisi ardhi imetikisika, aandike saa, mahali alipokuwa, alikuwa amekaa au amesimama, taa ya dari iliyumba au la, vyombo vililia au la, kulikuwa na mguso mmoja au miwili na pengo la muda gani. Taarifa za namna hiyo zina thamani hata kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania kule Dodoma, kwa sababu vituo vya vipimo ni vichache na nchi ni kubwa.

Kabla ya zoezi la kwanza, mpe mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata taarifa ya siku na saa, na watoto wapeleke karatasi kwa wazazi siku mbili kabla. Watoto mia wakionekana wametoka darasani wakiwa na mabegi kichwani, mtu atapiga picha, na kabla ya saa sita mchana Mwanza nzima itakuwa imeambiwa kwamba Ilemela kuna tetemeko.